Gemu la Serikali na Jina la Chumvi

Nchi ninayoisimulia siyo yenu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaanza kujikuna pasipomuwasha. Nchi yenu ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri. Na hii yangu nayo inavyo, lakini hilo lisiwatie wasiwasi, vitu hivyo hufanana popote. Mimi nasimulia tu. Ya kuongeza sina, na ya kupunguza nimeshayapunguza kwa usalama wangu.

Katika nchi hiyo alikuwapo Waziri wa Lugha, Vijana na Burudani Zenye Tija, Mheshimiwa Balozi Daktari Fulgensi Matambulio. Siku moja alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa lugha za dunia, akaulizwa jukwaani nchi yake ina lugha ngapi. Waziri alikuwa ameandaliwa majibu ya maswali kumi na manne, na hilo halikuwamo. Akainua kidole, akasema, "Zote." Ukumbi ukapiga makofi dakika nzima. Wenyeji wa mkutano walifurahi kiasi cha kuizawadia nchi yake vishikwambi elfu arobaini, kwa sharti moja dogo, kwamba vitumike kuwafundisha vijana lugha ndogo zinazokaribia kupotea.

Aliporudi aliwakusanya waandishi wa habari pale pale uwanja wa ndege, mabegi yake yakiwa bado yanazunguka kwenye mkanda. "Vijana wetu wanacheza magemu mchana kutwa bila mwongozo," alisema. "Kuanzia leo watacheza kwa mwongozo. Serikali haiwezi kukaa pembeni wakati mtoto anaruka mashimo yaliyochimbwa na watu asiowajua. Tutamchimbia mashimo yetu wenyewe."

Mwandishi mmoja akauliza ni lugha gani itakayoanza. Waziri akamtazama katibu wake, katibu akafungua orodha, akaweka kidole bila kuangalia. Kidole kikaangukia Kisavule.

Hapo ndipo Bwana Yeremia Kasunzu, Kaimu Mkurugenzi Msaidizi wa Lugha Ndogo, alipokumbuka fomu aliyoijaza zamani.

*

Yeremia alikuwa mtu wa miaka hamsini kasoro, mpole, shati limenyooshwa mpaka kwenye vifungo. Kwenye faili lake la ajira, mahali palipoandikwa "Lugha unazozifahamu", alikuwa amejaza kwa wino wa buluu: Kisavule, kwa ufasaha. Alijaza hivyo miaka ishirini na miwili iliyopita kwa sababu alizaliwa Bonde la Savule, mama yake yuko huko mpaka leo, na nafasi ile kwenye fomu ilikuwa kubwa, ingeonekana vibaya ikibaki wazi. Hakudhani kuna siku mtu atasoma. Wizarani kwao mafaili hayasomwi, yanahamishwa tu kutoka meza hii kwenda meza ile.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka tisa, na shuleni ilikuwa marufuku kusema lugha ya nyumbani. Ukikamatwa unavalishwa kibao shingoni, kimeandikwa MIMI NI MSHAMBA, na unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako anayesema lugha ya kwao, umvishe yeye. Muhula wa kwanza Yeremia alikivaa mara saba. Muhula wa pili hakukivaa hata mara moja, kwa kuwa alishajifunza kujibanza nyuma ya vyoo na kuwasikiliza wenzake ili awataje. Hilo hakupata kumwambia mtu, hata mkewe.

Likizo ya kwanza aliporudi nyumbani aliomba mwiko kwa neno ambalo si la mwiko. Sasa, Wasavule wana desturi yao. Mtu akikosea neno mbele yako humsahihishi. Unalichukua neno lake lile lile bovu unalitumia na wewe, na walio karibu wanalitumia, ili asibaki peke yake na kosa lake. Wenyewe wanaita kumfunika mtu. Basi mama yake, Bibi Ndelwa, alimfunika likizo nzima. Mwiko ukaitwa vile mtoto alivyouita, majirani wakaitikia, naye akala ugali kwa raha zake. Ila siku ya kuondoka, akiwa nyuma ya ukuta wa jiko anafunga viatu, alimsikia mama akimwambia jirani alete mwiko, na neno likawa jingine kabisa.

Yeremia alizifunga zile kamba mara tatu. Tangu siku hiyo, kila alipokwenda nyumbani alisema maneno machache, likizo iliyofuata machache zaidi, mwisho akawa anaitikia kwa kichwa. Kichwa hakikosei.

*

Aliitwa na Waziri akaambiwa yeye ndiye Mtaalamu Mkuu wa Kisavule, na sauti yake ndiyo itakayosikika kwenye gemu nchi nzima. Alijaribu kusema neno. Waziri akampiga bega na kumwambia unyenyekevu wake unaipendeza serikali.

Mtengeneza gemu alikuwa binti mmoja aitwaye Zubeda Machupa, anayejua kazi yake na asiyejua kuzungukazunguka. Alimpa Yeremia orodha ya maneno mia sita ya kurekodi. Yeremia akaisoma garini, akahesabu anayoyajua, akapata mia mbili na kumi. Mengi yalikuwa ya kuitikia, ya kuita mbuzi na ya kukatazwa.

Angeweza kwenda kumuuliza mama yake. Bondeni ni safari ya siku moja tu. Lakini aende amwambie nini? Kwamba serikali imemteua awe sauti ya lugha yake, na yeye hajui hata chumvi inaitwaje? Aliona aibu. Na nasema aibu, sisemi woga, maana woga angeutafutia cheti cha daktari. Halafu alimjua mama yake. Angemjibu kwa upole, asiulize chochote, na kule kutoulizwa ndiko alikokuogopa.

Kwa hiyo siku ya kurekodi aliingia studio, akavaa hedifoni, akaanza. Maji, sawa. Moto, sawa. Mbuzi, safi kabisa. Ikafika chumvi. Yeremia akafumba macho akalitafuta neno, akaona jiko la kwao, akaona kopo la chumvi kwenye rafu, akaona mpaka kutu ya kifuniko chake. Neno halikuwapo. Kilichomjia kichwani kilikuwa jina la Sibuga, golikipa wa darasa lake la zamani, Kidato cha Pili B.

"Sibuga," akasema kwenye maiki.

Zubeda akamtazama kupitia kioo. "Mzee, una uhakika? Mbona umefikiria sana?"

"Binti, mimi ni mzaliwa."

"Haya. Chumvi, Sibuga." Akabonyeza kitufe, likarekodiwa.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka mno. Dirisha likawa Mtweve. Daraja likawa Lugome. Kidato cha Pili B kilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili, na walipokwisha Yeremia akahamia Pili A, kisha waliomtangulia, kisha walimu, kisha wapishi wawili na mlinzi wa geti. Msamaha aliupa jina la mwalimu wa zamu. Lilipofika neno aibu, alilisema bila kufikiri. Hilo alikuwa hajalisahau.

*

Kabla gemu halijatolewa lilipita kwenye kamati tisa. Lilikuwa linaitwa Sema Upite. Kijana kwenye kioo anatembea na mkoba, anakuta mlango, anaonyeshwa kitu, na lazima akitaje kwa Kisavule ndipo mlango ufunguke. Zubeda alikuwa ameweka mazimwi matatu njiani. Kamati ya Maadili ikahoji mazimwi hayo yanamwakilisha nani hasa, na kwa nini moja lina kitambi. Yakaondolewa, wakawekwa wadau wenye changamoto. Kamati ya Itifaki ikaongeza hotuba ya Waziri kati ya kila hatua na hatua, dakika tisa, isiyoweza kurukwa. Kamati ya Utumishi ikataka kila mlango uwe na muhuri, na kijana akifika saa sita kamili akute mhusika ametoka kidogo.

Ikabaki adhabu ya anayekosea. Wajumbe wakakuna vichwa. Mwenyekiti akamwuliza Mtaalamu Mkuu kama huko kwao kuna mbinu ya kumfundisha mtoto lugha akashika. Yeremia alikuwa amechoka, anawaza chakula cha mchana, akasema bila kujisikiliza, "Sisi shuleni tulikuwa tunavalishwa kibao."

Wajumbe wakafurahi sana. Kibao kikaingia kwenye gemu jioni hiyo hiyo. Ukikosea neno, yule kijana wa kwenye kioo anavikwa kibao shingoni, anatembea ameinamisha kichwa. Yeremia alipoonyeshwa alikiangalia kwa muda mrefu, akaenda chooni, akakaa huko mpaka kikao kikafungwa. Alijichukia. Kesho yake akasaini kwamba ameridhika.

*

Nyumbani kwa Yeremia kulikuwa na binti yake wa pekee, Tunu, miaka kumi na mitatu. Siku kishikwambi kilipogawiwa shuleni kwao alikuja nacho mbio mpaka kwa baba yake.

"Baba, ni sauti yako kabisa. Darasa zima wamesema ni wewe."

"Ni kazi tu, mwanangu."

"Mbona mimi hukunifundisha?"

Yeremia akasema alikuwa na shughuli nyingi. Tunu hakuonekana kumlaumu. Alikaa kwenye mkeka, akavuta miguu, akawasha gemu. "Nikienda kwa Bibi huwa natabasamu tu," alisema. "Yeye anatabasamu, mimi natabasamu, mpaka mashavu yanauma. Nimechoka. Disemba hii nataka tuongee."

Wenzake waligundua wiki ya kwanza kwamba hotuba ya Waziri inatosha kulala, wakalala. Tunu hakulala. Alisubiri dakika tisa, akaendelea. Kila alipokosea, Yeremia alisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia mtoto arudie. Sema tena, Sibuga. Sema tena, Mtweve. Mtoto akarudia kwa bidii, akiwa amefumba macho, na baba akawa anatoka nje kwenda kuangalia tairi la gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mngesema angemwambia tu. Hata mimi nasema hivyo. Ni rahisi kusema ukiwa si wewe unayetazamwa na mtoto namna ile.

*

Wafadhili wa ng'ambo wakaandika kuuliza kama wenyeji wa Savule wamelikubali gemu. Waziri akaagiza Zoezi la Uhakiki wa Wenyeji. Vishikwambi vikapelekwa bondeni, wazee mia tatu wakakalishwa kwenye madawati ya shule ya msingi, wakacheza. Mia mbili tisini na mmoja walifeli.

Waziri akaitisha waandishi. Uso wake ulikuwa na majonzi ya kitaifa. "Hali ni mbaya kuliko tulivyofikiri," alisema. "Wasavule hawajui Kisavule. Wazee hawa wamekaa na lugha ya taifa miaka yote bila uangalizi, na matokeo mmeyaona. Imeponea kwetu wizarani." Akatangaza kwamba wazee wote watafanya mazoezi kila Jumamosi, na vijana waliofaulu watatumwa kuwasaidia.

Matokeo yalikuja mezani kwa Yeremia ayasaini. Kila mtahiniwa alikuwa na picha yake ndogo ya kwenye gemu. Ukurasa wa saba akamkuta: Ndelwa Kasunzu, alama nne kwa mia, kibao shingoni. Chini yake msimamizi alikuwa ameandika maelezo mafupi. Mtahiniwa huyu alitumia muda mwingi kusikiliza sauti badala ya kujibu. Alipoambiwa muda umekwisha alikataa kurudisha kifaa, akasema anamsikiliza mwanawe, kwamba ni miaka mingi hajamsikia akisema maneno mengi hivyo.

Yeremia alifunga mlango wa ofisi, akalia. Kisha akaandika barua ya kukiri, kurasa mbili, akataja kila kitu, mpaka mpishi. Akaibeba kwenye mfuko wa koti siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa akamkabidhi Waziri kwa mkono wake.

Waziri aliisoma yote. "Umeandika vizuri," alisema. "Lakini nikuulize, Kasunzu. Wewe ni mtaalamu wa serikali au siyo?"

"Kwenye faili ni mtaalamu, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimeandika kwamba si kweli."

"Mtaalamu wa serikali amesema maneno haya ni sahihi, akasaini. Leo mtu ananiletea barua, anasema yeye si mtaalamu. Sasa hapo nimsikilize nani, mtaalamu au asiye mtaalamu?"

Waziri akaiweka barua kwenye faili la Maoni ya Wadau, akamuuliza habari za familia. Yeremia akashukuru, akatoka. Na kitu kilichomwumiza baadaye kuliko vyote ni hiki: kwenye korido, kwa hatua kama tano hivi, alikuwa amejisikia nafuu.

*

Disemba wakaenda bondeni, yeye na Tunu. Bibi Ndelwa aliwapokea barazani pamoja na majirani sita au saba waliokuja kumwona mjukuu. Kwenye mlango alikuwa amebandika karatasi yake ya matokeo, kwa kuwa mjumbe wa kijiji aliagiza kila nyumba ibandike. Alama nne. Yeremia aliangalia pembeni.

Tunu akapiga magoti, akasalimia kwa Kisavule. Salamu zilikuwa miongoni mwa yale mia mbili na kumi, zikaenda vizuri, majirani wakanong'ona kwa furaha. Chakula kikaletwa. Tunu akaonja mchuzi, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akasema kwa lugha ile, "Bibi, naomba Sibuga."

Yeremia alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua anatakiwa kusema sasa hivi, mbele ya hawa, na alifungua mdomo, lakini Bibi Ndelwa alishageuka kwa jirani yake, bila kupepesa jicho.

"Mama, hebu nipitishie Sibuga hiyo hapo dirishani," alisema.

"Sibuga hii?" jirani akajibu. "Imebaki kidogo. Hiyo Sibuga ya siku hizi inaisha haraka."

"Ni nyepesi," mzee mwingine akasema. "Sibuga ya zamani ilikuwa nzito."

Uso wa Tunu ukang'aa. Alitia chumvi kwenye mchuzi kana kwamba amepewa tuzo. Akauliza hili, akauliza lile, na kila jina la Kidato cha Pili B alilolitoa, baraza zima lililipokea na kulirudisha kwa heshima. Walimfunika mtoto yule mpaka jua likashuka. Yeremia alikaa pale, anawatazama watu wazima wakijitia hawajui lugha yao ili binti yake asiaibike. Alipoondoka hakuwa amesema neno.

Na kama ingeishia barazani, isingekuwa neno. Lakini serikali ni mtu makini. Mwaka uliofuata duka la ushirika la bondeni likaletewa kishikwambi kwenye kaunta, na agizo kwamba asiuziwe mtu chumvi asiyeitaja ipasavyo. Mtu akijisahau akatamka lile neno la mababu, kifaa kinalia, karani anatoa kibao kutoka chini ya kaunta. Kibao cha mbao, chenye kamba. Wakaanza kuonekana wazee wa miaka themanini wanatembea sokoni wamening'iniza vibao. Wenzao, kwa kumfunika aliyevaa, nao wakaliacha lile neno. Wakaacha na mengine.

Baada ya miaka minne zoezi la uhakiki likarudiwa. Wazee mia tatu, na wote mia tatu wakafaulu.

*

Waziri akaamua kwenda mwenyewe bondeni kusherehekea. Mahema yakasimamishwa uwanja wa shule. Bibi Ndelwa, aliyepata alama mia kwa mia, akachaguliwa kutoa shukrani kwa niaba ya wenyeji. Tunu, sasa ana miaka kumi na saba, alikuwa ndiye mshereheshaji, na Kisavule chake kilimtoka kama maji ya bomba. Yeremia alikuja amedhamiria. Atasimama mbele ya watu wote, atasema. Lakini kwanza amwambie mama yake, asije akalisikia kwenye kipaza sauti.

Asubuhi akamkuta jikoni, peke yake, anakoroga uji. Kutoka uwanjani walisikia mafundi wakijaribu vipaza sauti.

"Mama," alisema kwa lugha ya ofisini, maana hiyo mama yake alishaisikiasikia, kisha akajitahidi kwa yale maneno mia mbili na kumi. "Mama, maneno yale si maneno. Nilikuwa sikumbuki. Ni majina ya watoto niliosoma nao."

Bibi Ndelwa aliendelea kukoroga. "Najua."

"Unajua?"

"Sibuga si alikuja hapa likizo moja na wewe? Yule mrefu, mwenye mikono mikubwa. Alikula ugali wangu siku nne. Kijana mpole." Akapunguza kuni. "Nilipomsikia kwenye kile kidude, nikasema, kumbe mwanangu anamkumbuka rafiki yake."

Yeremia akakaa kwenye kigoda. "Mbona hukusema, Mama? Siku ile tu ya kwanza ungesema."

"Nikusemee wewe mbele ya mtoto wako?"

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na Yeremia alitamani ingekuwepo. Alijifuta macho kwa mkono wa shati lililonyooshwa. Akasema leo atayamaliza, atasimama ataomba radhi bonde zima, na maneno yatarudishwa moja moja. Ataanza na lile la kwanza, lililomfungulia mlango. "Niambie la kweli, Mama. Tuko wawili tu. Chumvi tunaiitaje?"

Bibi Ndelwa akatabasamu, akafungua mdomo.

"Sibuga," akasema.

Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Hapana, siyo hilo. Lile lenyewe." Akaweka mwiko pembeni. Akalitazama lile kopo mezani, kopo lile lile la kutu, akalitazama sana. Midomo ikachezacheza. "Subiri, linakuja. Mama yangu alikuwa akisema, nenda kalete..." Akafumba macho, na Yeremia akamwona anafanya vile vile alivyofanya yeye studio, anazunguka ndani ya jiko fulani la zamani anatafuta.

Akainuka akachungulia dirishani, akamwita jirani aliyekuwa anapita na kiti kichwani kuelekea uwanjani. Akamwuliza. Jirani akasema Sibuga. Bibi akamwambia siyo hilo, lile la kwetu. Jirani akatua kiti, akafikiri. Akasema atamwuliza mumewe. Akaondoka taratibu, kiti akakisahau pale njiani.

Bibi Ndelwa alirudi akakaa. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Lilikuwa fupi," alisema. "Nakumbuka lilikuwa neno fupi." Mikono yake ilikuwa imetulia magotini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Yeremia akamwona mama yake ameona haya mbele yake. Hakujua amfunike kwa neno gani. Hakuwa na neno.

Uwanjani hotuba ya Waziri ilianza, ile ile ya dakika tisa. Uji ukaanza kushika chini. Wakakaa hivyo, mama na mwana, hotuba ikafika mwisho, watu wakapiga makofi, na neno lilikuwa halijaja.

Tunu akaingia mbio, tai ya mshereheshaji imemkaa upande. "Bibi, wanakuita," alisema kwa Kisavule. Kisha akaona nyuso zao. "Kuna nini? Mnatafuta nini?"

"Sibuga," Bibi Ndelwa akamjibu.

Tunu akachukua kopo lililokuwa mezani mbele yao, akampa.